Namna ya kufundisha historia ya dunia ya sasa kwa wanafunzi wa miaka 11 hadi 14

"Mwalimu, kwani hawakujua kuwa Hitler ni mtu mbaya? Mbona hawakumzuia mapema?"

Swali hili hunijia kila mwaka, na mara nyingi huulizwa na mtoto msikivu, yule aliyekwisha kusoma kurasa mbili mbele ya wenzake. Zamani nililijibu harakaharaka ili tuendelee na somo. Siku hizi nalishika, kwa sababu limebeba tatizo zima la kufundisha historia katika umri huu. Mtoto wa miaka 12 huitazama historia kutokea mwisho. Anajua nani alishinda, nani alianguka na ukuta gani ulibomolewa, kwa hiyo watu wote waliotangulia anawaona kama vipofu waliokuwa wakitembea kuelekea shimoni. Hajatambua bado kwamba mtu wa mwaka 1933 hakuwa na kitabu cha kumweleza yatakayotokea 1939.

Mwongozo huu umesimama juu ya jambo hilo moja: kumrudisha mwanafunzi ndani ya wakati, asimame waliposimama watu wa siku zile, aone njia walizoziona wao, kisha ndipo apime walichochagua. Nimeuandika kwa ajili ya mwalimu wa darasani, ila mzazi anayemfundisha mtoto wake nyumbani anaweza kuufuata pia akipunguza kazi za vikundi.

Hatua ya 1: Fyeka kabla ya kupanda

Historia ya dunia ya sasa haina mwanzo ambao wote wanakubaliana. Wako wanaoanzia 1492, Columbus alipofika Amerika, wako wanaoanzia 1789, Mapinduzi ya Ufaransa yalipoanza, na wako wanaoona dunia tunayoishi ilianza 1914. Mimi huanzia miaka ya 1760, wakati James Watt alipokuwa akiiboresha mashine ya mvuke (hataza yake, yaani hati ya haki ya uvumbuzi, aliipata 1769), na huishia Aprili 1994. Mwezi huo mmoja mauaji ya kimbari yalianza Rwanda tarehe 7, na tarehe 27 Waafrika Kusini wa rangi zote walipanga foleni kupiga kura pamoja kwa mara ya kwanza. Wanafunzi wakizikuta tarehe hizo mbili zikiwa bega kwa bega wanaelewa, bila kuhubiriwa, kwamba historia haiendi upande mmoja tu.

Kati ya ncha hizo mbili chagua mada kumi, basi. Zangu ni Mapinduzi ya Viwanda pamoja na utumwa, Mapinduzi ya Ufaransa pamoja na Haiti, ukoloni na upinzani dhidi yake, Vita vya Kwanza vya Dunia, Urusi ya 1917, mdororo wa uchumi wa 1929 na kupanda kwa Wanazi (chama cha Hitler), Vita vya Pili na Maangamizi ya Wayahudi, kuvunjika kwa makoloni, Vita Baridi, na huo mwaka 1994. Ukijaribu kufundisha mada 30 utafundisha vichwa vya habari.

Kigezo changu cha kuchagua ni hiki: tukio likiingia, lieleze matukio mengine angalau mawili. Haiti ni mfano mzuri, na inasikitisha kwamba vitabu vingi huipa aya moja. Watumwa walioinuka Agosti 1791 walikuwa wakifanya kazi katika koloni la Ufaransa, nchi iliyokuwa imetangaza miaka miwili tu nyuma kwamba watu wote huzaliwa huru na sawa. Ufaransa ikafuta utumwa 1794, mtawala wake Napoleon akaurudisha 1802, jeshi alilotuma likashindwa Haiti, na 1803 akaiuzia Marekani eneo kubwa la Louisiana. Mwaka uliofuata Haiti ikatangaza uhuru wake. Halafu 1825 Ufaransa ikaidai fidia ya faranga milioni 150 kwa kuipoteza "mali" yake, na katika mali hiyo walihesabiwa watu. Mwanafunzi aliyeielewa Haiti ameshika Mapinduzi ya Ufaransa, utumwa, upanuzi wa Marekani na mizizi ya madeni ya nchi maskini kwa mpigo mmoja.

Vita vya Napoleon barani Ulaya, kwa upande mwingine, mimi huvipa nusu kipindi, na Mkutano wa Vienna wa 1815 huupa sentensi moja. Inauma kidogo, lakini muda haurefuki.

Hatua ya 2: Kila mada iwe swali

Kichwa kama "Sababu za Vita vya Kwanza vya Dunia" kinamwambia mwanafunzi kwamba majibu yako tayari, yeye kazi yake ni kunakili. Kigeuze: "Ilikuwaje mauaji ya mtu mmoja yakawa vita ya mataifa makubwa ndani ya siku 37?" Kuanzia 28 Juni 1914 alipouawa mrithi wa ufalme wa Austria-Hungaria mjini Sarajevo, hadi 4 Agosti Uingereza ilipoingia vitani, ni siku 37 kamili. Waache wazihesabu wenyewe.

Swali zuri lina dalili tatu: haliwezi kujibiwa kwa ndiyo au hapana, wanafunzi wawili werevu wanaweza kulijibu tofauti, na majibu yote mawili yanahitaji ushahidi. Liandike juu ya ubao siku ya kwanza ya mada na usilifute mpaka mada iishe. Siku hiyo ya kwanza kila mwanafunzi alijibu kwenye daftari kwa sentensi moja ya kubahatisha. Majuma mawili baadaye watarudi kwenye sentensi ile, na kule kushtuka kwao ("mimi niliandika hivi?") kuna thamani kuliko mtihani mdogo wowote niliowahi kuutunga.

Hatua ya 3: Tundika kamba ya miaka

Tafuta kamba ya mita 5 na vibanio vya nguo. Sentimita 2 ziwe mwaka mmoja. Kuanzia 1760 hadi 2000 utatumia mita 4 na sentimita 80. Kila tukio liandikwe kwenye kadi: tarehe, mahali, na sentensi moja iliyotungwa na mwanafunzi. Kamba ibaki ukutani mwaka mzima.

Faida yake utaiona siku mtakapobana kadi ya 1918 na ile ya 1939. Kati yake kuna sentimita 42, pungufu ya urefu wa mkono wa mtoto. Waulize: askari aliyerudi nyumbani 1918 akakuta mkewe amejifungua mtoto wa kiume, mtoto huyo alikuwa na umri gani Ujerumani ilipoivamia Poland tarehe 1 Septemba 1939? Miaka 20 au 21, umri wa kuandikishwa jeshini. Darasa hunyamaza hapo. Baba na mwana, vita mbili. Baada ya hapo huhitaji kueleza sana kwa nini watu wengi wa Ulaya, viongozi wao wakiwemo, walitaka kuamini kwamba Hitler angeridhika akipewa kidogo.

Kando ya kamba weka ramani mbili, moja ya 1914 na moja ya leo. Ramani husahihisha makosa ambayo maneno hayafiki. Wanafunzi wengi hudhani Ukuta wa Berlin uliigawa Ujerumani nzima. Wakiona kwamba Berlin ilikuwa ndani kabisa ya Ujerumani Mashariki, na kwamba ukuta uliizunguka Berlin Magharibi, kila kitu kuhusu 1961 (ulipojengwa) na 1989 (ulipofunguliwa) kinageuka vichwani mwao. Vivyo hivyo Mkutano wa Berlin wa Novemba 1884 hadi Februari 1885. Imani iliyoenea ni kwamba waheshimiwa walikaa na rula wakaichora mipaka yote ya Afrika mle ukumbini. Walichokubaliana hasa ni kanuni za kudai maeneo na uhuru wa biashara katika bonde la Kongo na mto Niger. Mipaka mingi ilikuja baadaye, kwa mikataba ya nchi mbilimbili, kama ule wa 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani ulioihusu Zanzibar na kisiwa cha Heligoland. Kusahihisha hivyo hakupunguzi uzito wa jambo lenyewe, kwamba bara liligawanywa na hakuna dola hata moja ya Kiafrika iliyopewa kiti mezani.

Jambo dogo la kuangalia unapoandika kadi: Mapinduzi ya Oktoba ya Urusi yatabanwa tarehe 7 Novemba 1917, kwa kuwa Urusi wakati huo ilitumia kalenda ya zamani iliyokuwa nyuma kwa siku 13. Usipowaeleza watadhani umekosea.

Hatua ya 4: Anza na kitu kinachoshikika, msamiati ufuate

Neno "ubeberu" likitangulia, mtoto wa miaka 11 atalikariri kama jina la mtaa ambao hajawahi kufika. Tanguliza kitu, kisa au mtu; neno lije mwishoni, likiwa jina la jambo ambalo tayari analijua.

Kwa Mapinduzi ya Viwanda mimi hutumia kipande cha kitambaa cha pamba. Kila kikundi kinapewa chake, kinakichambua nyuzi kwa kucha, kisha tunaufuata uzi kurudi nyuma hadi mwaka 1850 hivi. Kitambaa kimefumwa Manchester. Pamba ilifika Liverpool kwa meli, ikapanda reli iliyofunguliwa 1830 kati ya miji hiyo miwili. Meli ilitoka kusini mwa Marekani. Na aliyeichuma pamba ile ni nani? Hapo ndipo darasa linapoganda, kwa sababu walikuwa wamekwisha kufurahia mashine. Nawapa tarakimu mbili tu: mwaka 1790 watu waliokuwa utumwani Marekani walikuwa kama 700,000, mwaka 1860 walikaribia milioni 4. Katikati yake, 1793, Eli Whitney alibuni mashine ya kutenganisha pamba na mbegu zake, na kilimo cha pamba kikawa na faida kubwa kuliko wakati wowote uliopita.

Kisha endelea kuuvuta uzi uleule. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani ilipoanza 1861, bandari za kusini zilifungwa na jeshi la majini la kaskazini. Pamba ikakatika, wafanyakazi wa viwanda vya Lancashire, eneo la Manchester, wakakosa kazi na chakula, na wanunuzi wakageukia Misri na India. Mabara manne yamo kwenye kipande cha nguo kinachoenea kiganjani. Sasa andika ubaoni "uchumi wa dunia" na uwaulize maana yake. Watakueleza wao.

Hatua ya 5: Wape uamuzi kabla ya kuwapa jibu

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na nitaieleza kwa urefu kupitia somo moja: Julai 1914. Linahitaji vipindi viwili vya dakika 40.

Ligawe darasa katika serikali sita: Austria-Hungaria, Serbia, Urusi, Ujerumani, Ufaransa na Uingereza. Kila serikali inapata kadi yenye mambo matatu: mnachokitaka, mnachokiogopa, na mliyemwahidi. Kadi ya Urusi, kwa mfano, itasema mnajiona walinzi wa Waserbia, mnaogopa kudharauliwa tena, na nchi yenu ni kubwa mno kiasi kwamba kukusanya jeshi huchukua majuma mengi. Ya Ujerumani itasema mnaogopa kupigana na Urusi na Ufaransa kwa wakati mmoja, na mpango wenu wa vita ni kuipiga Ufaransa kwanza, haraka, kupitia Ubelgiji, kabla Urusi haijajipanga. Ya Uingereza itataja ahadi ya 1839 ya kuheshimu Ubelgiji isiyofungamana na upande wowote.

Andaa bahasha zenye tarehe. Zifunguliwe moja moja, na kabla ya kila bahasha kila serikali iandike uamuzi wake kwenye karatasi: tufanye nini sasa?

Bahasha ya 28 Juni ni mauaji ya Sarajevo. Ya 5 na 6 Julai: Ujerumani inaiahidi Austria-Hungaria kuiunga mkono kwa lolote. Ya 23 Julai: Austria-Hungaria inaipa Serbia masharti makali na makataa ya saa 48. Ya 25 Julai: Serbia inakubali karibu yote, ila inakataa maofisa wa Austria kushiriki upelelezi katika ardhi yake. Ya 28 Julai: Austria-Hungaria inatangaza vita. Ya 30 Julai: Urusi inaamuru jeshi lote likusanyike. Ya 1 Agosti: Ujerumani inatangaza vita dhidi ya Urusi. Ya 3 Agosti: dhidi ya Ufaransa. Ya 4 Agosti: majeshi ya Ujerumani yanaingia Ubelgiji, na Uingereza inaingia vitani.

Mpaka tarehe 25 vikundi vingi huandika "tusubiri" au "tuzungumze". Mara moja kikundi changu cha Ujerumani kilikuwa na wasichana watatu wapole sana walioandika "amani" kwenye karatasi nne mfululizo. Ilipofunguliwa bahasha ya 30 Julai mmoja wao alisimama: "Lakini tukisubiri, tumechelewa!" Akageukia kadi yake, akaonyesha mstari unaosema kuhusu kuipiga Ufaransa kabla Urusi haijajipanga. Wenzake wawili wakamtazama, kisha wakakubali, huku wamekasirika. Sikuwa nimesema neno. Hofu ya kuchelewa, ambayo kitabu huieleza kwa kurasa tatu za "mbio za silaha" na "miungano ya kijeshi", ilikuwa imewaingia mwilini.

Sehemu ya muhimu inakuja baada ya mchezo, na walimu wengi huikosa kwa sababu kengele imelia. Tenga dakika 20 za kukaa chini na kuuliza: ni bahasha ipi ambayo mtu mmoja angeamua vingine na vita isitokee? Watabishana. Wengine watasema ni ahadi ya Ujerumani ya mwanzoni mwa Julai, wengine masharti ya tarehe 23, wengine amri ya Urusi. Wanahistoria nao wamebishana hivyohivyo kwa zaidi ya miaka 100, na waambie hilo, watainua vichwa.

Usisahau kuwaonyesha vita hiyo ilifika wapi. Zaidi ya Wahindi milioni moja walipelekwa ng'ambo, na Afrika Mashariki mamia ya maelfu ya watu walichukuliwa kuwa wapagazi, wengi wao wakafa kwa maradhi na njaa. Mizinga ilinyamaza Ulaya tarehe 11 Novemba 1918, lakini Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, alisalimisha silaha tarehe 25 Novemba huko Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala, nchini Zambia. Kadi mbili kwenye kamba, karibu zinagusana, na maswali mengi kati yake.

Hatua ya 6: Waingize kwenye nyaraka, kidogo kidogo

Kosa la kawaida ni kuwapa watoto ukurasa mzima wa hati ya zamani na kuwaambia waichambue. Sentensi mbili zinatosha, mradi ziwe na mgogoro ndani yake.

Mfano usiozeeka ni Mkataba wa Wuchale wa 1889 kati ya Italia na Menelik wa Ethiopia. Kifungu cha 17 kilihusu Ethiopia kuitumia serikali ya Italia katika mambo yake na mataifa mengine. Kwa Kiamhari, mfalme anaweza kuitumia akipenda. Kwa Kiitalia, amekubali kuitumia, na Italia ikalisoma hilo kuwa ni lazima, ikayatangazia mataifa ya Ulaya kwamba Ethiopia iko chini ya ulinzi wake.

Nusu ya darasa wape maana ya Kiamhari, nusu ile ya Kiitalia, bila kuwaambia kuwa zinatofautiana. Waulize swali moja: Menelik akitaka kumwandikia malkia wa Uingereza barua, anahitaji ruhusa ya nani? Nusu moja itajibu "hahitaji", nyingine "ya Italia", na ugomvi utaanza. Waache wagombane dakika tatu, kisha waambie wabadilishane karatasi. Ndipo uwaeleze kwamba Menelik aliukataa mkataba, Italia ikaja na jeshi, na tarehe 1 Machi 1896 likashindwa vibaya Adwa. Mwaka huohuo Italia ikautambua uhuru wa Ethiopia.

Kwa kila waraka wazoeze maswali haya, mpaka wayaulize wenyewe bila kukumbushwa: nani ameandika, lini, akimwandikia nani, anataka nini, na nani hakuulizwa? Hilo la mwisho ndilo linalowafikisha mbali. Hati nyingi za karne ya 19 na ya 20 zimeandikwa na waliokuwa na madaraka, na mtoto anayezoea kutafuta sauti isiyokuwepo ameanza kufikiri kama mwanahistoria.

Hatua ya 7: Mambo mazito yana kanuni zake

Utumwa, Maangamizi ya Wayahudi, Hiroshima, Rwanda. Huwezi kuyaruka, na huwezi kuyafundisha kama mada nyingine.

Igizo lile la Julai 1914 linafaa kwa sababu wanaoigizwa ni mawaziri wanaofanya maamuzi. Usiwaigizishe watoto kuwa watumwa na mabwana, au wafungwa na walinzi wa kambi. Anayeigiza mwathirika anadhalilishwa mbele ya wenzake, na anayeigiza mtesaji ama anafurahia ama anaumia. Usionyeshe picha za maiti pia. Mtoto ataikumbuka picha na kusahau mtu. Anza na maisha ya watu kabla ya janga: walifanya kazi gani, walisoma wapi, waliimba nini. Taja waliotenda kwa uwazi. "Wayahudi milioni sita waliuawa" ni sentensi isiyo na mtendaji. Waliowaua ni utawala wa Wanazi na washirika wake, na wanafunzi waisikie hivyo.

Kwa Maangamizi, mimi hufuata sheria na matukio kwa mpangilio wa tarehe, nasoma moja, nakaa kimya kidogo, kisha tunajadili familia moja ya Kiyahudi ya Ujerumani, tukiizungumzia, si kuiigiza. Aprili 1933: Wayahudi wengi wanafukuzwa utumishi wa serikali. Septemba 1935: sheria za Nuremberg zinawavua uraia kamili na kuwakataza kuoana na Wajerumani wengine. Novemba 1938: masinagogi (nyumba za ibada za Wayahudi) yanachomwa moto usiku, na siku chache baadaye watoto wa Kiyahudi wanazuiwa kuingia shule za umma za Kijerumani. Septemba 1941: kila Myahudi kuanzia umri wa miaka 6 lazima ashone nyota ya njano kwenye nguo. Oktoba 1941: kuhama nchi kunapigwa marufuku. Januari 1942: maofisa wanakutana Wannsee, kando ya Berlin, kuratibu mauaji ambayo mashariki yalikuwa yamekwisha kuanza.

Kila baada ya tarehe uliza mambo mawili: familia hii ihame au ibaki? Na jirani yao, leo hii, angeweza kufanya nini? Mwaka 1933 wanafunzi hugawanyika, wengi husema wabaki, kazi zitapatikana kwingine. Mwaka 1938 wote husema wahame, na hapo nawaambia kwamba Julai ya mwaka huo wajumbe wa nchi 32 walikutana Evian, Ufaransa, kuhusu wakimbizi hao, na karibu zote hazikukubali kuongeza idadi ya watakaowapokea. Wataona kwa macho yao jinsi ambavyo mwaka 1933 jirani alikuwa na mengi ya kufanya kwa gharama ndogo, na mwaka 1942 yakabaki machache kwa gharama ya maisha. Swali la yule mtoto wa mwanzo limejibiwa hapo.

Somo la namna hii limalizike dakika kumi kabla ya kengele. Usiwatoe watoto moja kwa moja kutoka Wannsee kwenda kucheza mpira. Waandike, wanyamaze, waulize. Mwenye machozi aachwe alie. Na atakayecheka usimfokee palepale. Katika umri huu kicheko mara nyingi ni woga, zungumza naye pembeni.

Hatua ya 8: Waandike aya moja, kisha waiandike upya

Insha ndefu hazimfai mwanafunzi wa umri huu. Aya moja yenye dai, ushahidi, na maelezo ya jinsi ushahidi unavyolibeba dai inatosha, na kazi kubwa iwe kuirudia.

Mwanafunzi mmoja aliandika: "Hitler alipata madaraka kwa sababu Wajerumani wote walimpenda." Sikuikata kwa kalamu nyekundu. Nilimpa tarakimu za uchaguzi: Julai 1932 chama cha Wanazi kilipata asilimia 37 ya kura, Novemba mwaka huohuo asilimia 33, na tarehe 30 Januari 1933 Rais Hindenburg akamteua Hitler kuwa kansela. Aliziangalia kwa muda. Aya yake ya pili ilisema: "Wajerumani wengi hawakumpigia Hitler kura, na kura zake zilikuwa zinapungua. Alipata madaraka kwa sababu watu milioni sita hivi hawakuwa na kazi na hawakuiamini tena serikali, na pia kwa sababu viongozi waliokuwa karibu na rais walidhani wangeweza kumtumia." Neno "wote" limekwenda, na mahali pake wameingia watu wenye sababu zao. Mabadiliko ya namna hiyo ndiyo ya kuyapa alama.

Soma kwa sauti aya mbili au tatu zilizoboreshwa, kwa ridhaa ya wenyewe, bila kutaja majina kama hawataki.

Hatua ya 9: Pima kwa kamba

Mtihani wenye tarehe una nafasi yake. Tarehe kumi na mbili za msingi lazima zikae kichwani, la sivyo hakuna cha kufikiria nacho. Ila upimaji wangu wa mwisho wa mwaka hufanyika mbele ya ile kamba. Kwa zamu, kila mwanafunzi anaondoa kadi moja na kueleza ni kadi zipi nyingine ambazo sasa hazieleweki tena, na kwa nini. Mwenye hoja ya kumpinga anainua mkono. Mpe alama kwa idadi ya uhusiano aliouonyesha na ushahidi alioutaja. Ufasaha wa kuzungumza usimwongezee wala kumpunguzia kitu.

Mwanafunzi mwenye haya mruhusu aandike badala ya kusema. Asiye na jibu mpe kadi mbili zilizo karibu na umuulize ni ipi angeibakiza. Na kadi zilizoondolewa usizirudishe kwenye kamba wewe mwenyewe: ziweke mezani, wanafunzi wazibane upya mahali pake bila kutazama daftari, kisha wapime kwa rula kama wamepatia.